Siku Roki Ilipopanda Lori la Injili

Tukikutana sisi watatu, hatukubaliani karibu katika jambo lolote la siku ile. Mwenzangu wa Rhotia anashikilia kwamba mpiga solo alikuwa na gitaa jekundu. Mimi nasema lilikuwa jeusi, wekundu ulikuwa wa vumbi. Yule wa tatu, ambaye wakati ule alikuwa morani na leo ni mlinzi wa hoteli moja njia ya kwenda lango la Ngorongoro, mwenye kitambi chake, anasema magitaa hayakumhusu hata kidogo. Yeye alikuwa anamtazama mpiga ngoma, maana hakuwahi kuona mtu mmoja akizipiga ngoma nyingi namna ile bila kusaidiwa na ukoo wake. Tunabishana mpaka chai inapoa. Jambo moja tu hatubishani: tulikuwepo, na tulijua tumekwenda kuona nini.

Hilo la kujua ndilo lililoniponza. Naliandika kwa sababu bado wapo watu hapa Karatu wanaosimulia, kwa huruma kabisa, kwamba siku ile binti wa watu nilipotea njia. Sikupotea. Uwanja wa mnada naujua tangu nikibebwa mgongoni.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, barabara ya kutoka Makuyuni bado ni vumbi kiangazi na tope masika. Wazazi wangu walikuja kutoka Uchagani kufuata biashara, kama wengi waliokuja. Baba alikuwa na duka la misumari, mabati na majembe. Mama alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake kanisani kwetu, na kwa kweli alikuwa mwenyekiti wa mambo mengi ambayo hakuchaguliwa. Mimi nilikuwa kwenye kwaya ya vijana, sauti ya pili. Kwaya yetu ilikuwa imepata nafasi ya kwenda Arusha baada ya Pasaka kurekodi kanda yake ya kwanza, na wimbo wa kufungua kanda ulikuwa unaanzishwa na mtu mmoja peke yake, mistari miwili, kabla wenzake hawajaingia. Mtu huyo alikuwa mimi. Niliimba ile mistari nikichota maji, nikipepeta maharage, nikisubiri wateja dukani. Sikuwa na tamaa nyingine duniani zaidi ya kuisikia sauti yangu ikitoka kwenye redio ya mtu mwingine.

Basi, na ile bendi. Mwenzangu wa Rhotia alikuwa anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii, na binamu yake alikuwa dereva wa safari. Binamu ndiye aliyeileta ile kanda kutoka Arusha. Jumapili jioni alikuwa anaosha gari la kampuni kijitoni, milango wazi, kanda inalia, na sisi tunajifanya tumekuja kumsaidia kuosha. Walikuwa vijana wanne wa Arusha. Wenyewe walijiita bendi ya roki. Wajuzi wa mjini walisema ni dansi lililokasirika tu. Kwa wazee wa kanisa letu jina halikubadilisha kitu: dansi ni dansi, na dansi lilikaa fungu moja na pombe na kuzaa nje ya ndoa.

Niseme nilichokipenda, maana hakuna aliyewahi kuniuliza. Redioni nyimbo zote za mapenzi zilikuwa za kubembeleza. Kanisani nyimbo zetu nyingi zilikuwa za kujishusha, sisi mavumbi, sisi wadudu. Wale vijana hawakumwomba mtu chochote. Wimbo tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa mtu anayetembea kando ya barabara na mzigo wake, gari kubwa linakuja nyuma linapiga honi ili apishe, na yeye anakataa. Kiitikio chake kilikuwa: “Sitoki, sitoki, zunguka wewe.” Nani wa Karatu asingeupenda? Magari ya watalii yalipita kwetu mchana kutwa yakienda kreta ya Ngorongoro, hayasimami, yanatuachia vumbi kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye meno. Sisi ndio tulikuwa yule mtu mwenye mzigo.

Binamu akaleta habari kwamba bendi inakuja, siku ya mnada, mchana kweupe, bure, imeletwa na watu wa kampuni ya sabuni. Gari la matangazo lilikuwa lipite mitaani siku moja kabla, likaharibika kule kwenye mlima wa Mto wa Mbu, kwa hiyo Karatu haikutangaziwa kitu. Waliojua ni wachache, wale wenye binamu.

Sasa, asiye wa kwetu inabidi aelezwe kuhusu lile lori. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aliyesomba vitunguu kutoka Mang'ola, na usoni mwa lori alikuwa ameandika MUNGU MWEMA kwa rangi ya bluu. Kila ulipofanyika mkutano wa Injili uwanja wa mnada, lori hilo ndilo lililokuwa jukwaa. Linaegeshwa, mbao za pembeni zinashushwa, jenereta inakaa nyuma, maspika meusi mawili yanapandishwa juu. Na desturi ya akina mama wa makanisa, wa madhehebu yote, ilikuwa hii: wakiona tu mbao za lori zimeshushwa, wanachukua mikeka na vigoda, wanakwenda kukaa mbele kabisa na kuanza mapambio, ili mhubiri asipande mbele ya watu waliopoa. Hakuna aliyewaita. Lori lenyewe ndilo lililowaita. Katika Karatu yetu, magitaa ya umeme, ngoma na jenereta maana yake ilikuwa Injili. Hatukuwa tumeona kingine.

Watu wa sabuni wakakodi lori lilelile. Wangekodi lipi?

Tulipofika uwanjani mimi na mwenzangu, nyama tayari inachomwa, ng'ombe wanalia, wauza mitumba wameshapandisha sauti. Nikaona mikeka. Mbele kabisa, chini ya maspika, akina mama wameshajipanga kwa kanga zao za umoja, na katikati yao, mkeka umetandazwa vizuri, kigoda chake kiko sawasawa, mama yangu mzazi.

“Nenda kamwambie,” mwenzangu akaninong'oneza.

“Nimwambie nini? Kwamba najua?”

Tukajificha nyuma ya wanaume waliokuwa na fahali wa kuuza. Mmoja wao ndiye yule morani. Alikuwa ametoka upande wa kreta na fahali wa baba yake, lubega jekundu, fimbo begani, anatazama lile lori kwa mashaka.

Akina mama wakawasha pambio. Wale vijana wakapanda jukwaani wakawakuta wanaimba. Mwimbaji alikuwa amevaa koti la ngozi kwenye jua lile la kukausha mahindi, na mpaka leo namheshimu kwa sababu hakucheka. Alisubiri wamalize, akashika kipaza sauti, akasema, “Shikamooni mama zetu.”

“Marahaba!” wakaitikia wote.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole, gitaa moja tu linalia. Mikono ya akina mama ikaenda juu. Mmoja akafumba macho. Mama yangu alikuwa anatikisa kichwa kwa utulivu, kama afanyavyo kwaya ikiimba vizuri. Mwimbaji alikuwa anaimba habari za kumkumbuka mtu aliyeondoka, na ukitaka unaweza kumdhania Mwokozi. Ulipoisha walisema “Amina,” na mpiga ngoma akajibu kwa pigo moja la nguvu, kisha wimbo wa pili ukaanguka juu yetu.

Huo haukuwa wa kudhaniwa. Maspika yalitetemeka. Nikamwona katibu wa umoja wa wanawake akisimama, anatazama lori, anatazama wenzake, anakunja mkeka. Wengine wakainuka. Watu wa nyuma wakasogea mbele, vumbi likapanda, na nikampoteza mama. Fahali wa yule morani akakata kamba akashika njia ya Endamarariek. Mwenzake akampigia kelele kwa Kimaasai, naye akajibu kwa Kiswahili, ili nadhani sote tusikie: “Fahali atapatikana. Hawa wanaondoka leo!” Akaanza kuruka. Morani wengine wakaruka pamoja naye, wanaruka kwa mdundo wa ngoma kana kwamba ulitungwa kwa ajili yao, na mpiga ngoma alipowaona akazidisha. Mwenzangu wa Rhotia alikuwa amevua viatu vyake vya kazini, kaviweka kifuani, anacheza pekupeku.

Wa tatu ukawa wimbo wetu. Tulipiga kelele mimi na yeye mpaka muuza mishikaki akageuka. Walifika kiitikio cha kwanza, cha pili, na pale kabla ya kiitikio cha tatu jenereta ikakohoa ikafa. Magitaa yakanyamaza. Kipaza sauti kikafa. Ikabaki ngoma peke yake na midomo ya mwimbaji inayochezacheza bila sauti.

Watu wa mnada si watu wa kukubali kupunjwa. Kiitikio walikuwa wameshakishika, wakaimba wenyewe. “Sitoki, sitoki, zunguka wewe.” Wauza ng'ombe, wauza mitumba, watoto, walevi. Waliimba chini, sauti moja nzito, kila mtu mahali pake. Nami kwaya ilikuwa imeshanifundisha kwamba sauti ya kwanza ikiwa pale, ya pili inakaa hapa. Sikufikiri. Nilifungua mdomo nikaiweka mahali pake, juu ya uwanja mzima, bila kipaza sauti.

Mwimbaji akanisikia. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akanyoosha kidole. “Dada, kaa hapohapo! Usishuke!” Sikuishusha sauti. Tuliuimba ule wimbo mpaka mwisho, tukaurudia, mtu wa jenereta akihangaika na kamba yake huko nyuma, na hakuna aliyetaka afanikiwe. Nilifurahi. Sitatafuta neno jingine. Nilifurahi kwa mwili mzima, na watu wote waliokuwa wakiniona kila Jumapili nikiwa na joho jeupe waliisikia sauti yangu na kuijua ni ya nani.

Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga. Jumamosi iliyofuata, baada ya mazoezi ya kwaya, nikaitwa ofisini.

Alikuwepo mchungaji na mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu. Nataka nimtendee haki huyo mzee. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kunibeba mgongoni nikiwa na malaria, duka la baba likiwa limefungwa na mama hayupo. Siku ile naye alikuwa amekuja kunibeba, kwa namna yake.

“Binti yangu,” alisema, “akina mama wametueleza. Waliona lori, wakadhani ni mkutano wa Injili. Wimbo wa kwanza ulipoisha wakatambua, wakaondoka. Tumewaelewa, yamekwisha. Na wewe, bila shaka, ulidhani.”

Akanitikisia kichwa taratibu, kama unavyomsaidia mtoto aliyesahau mstari wa moyo siku ya Krismasi. Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitakiwa, na mama zangu wote walikuwa wameshapita hapo.

“Hapana, mzee. Nilijua ni dansi.”

“Ulipofika hukujua.”

“Nilijua kabla sijafika. Nilijua tangu navaa.”

Mchungaji akainamisha kichwa. Mzee hakukata tamaa. “Watu wanasema uliimba. Mtu anaweza kuimba kwa mazoea, akidhani ni pambio.”

“Mzee, niliimba beti zote. Pambio gani linamgombeza dereva?”

Nilisikia mchungaji akipumua kwa pua, na hata leo sijui kama alikasirika au alizuia kicheko. Kisha akasema ilivyopasa kusemwa. Nitatengwa. Sitashiriki meza ya Bwana wala sitaimba kwaya mpaka nisimame mbele ya usharika na kutubu. Na kwa kuwa safari ya Arusha ilikuwa imekaribia, asingeweza kunirudisha haraka hivyo bila watu kusema. Ila, akaongeza, kama nilidhani, hakuna cha kutubu.

Nisijisifu ujasiri ambao sikuwa nao, nilitamani ile kanda mpaka nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Wangeniambia tu kwamba nimekosa, huenda ningelia, ningetubu, hata bila Arusha. Lakini hawakutaka nitubu. Walitaka nijifanye mjinga. Walitaka nimdanganye Mungu ofisini kwake ili niruhusiwe kwenda kumwimbia. Kitu changu kizuri kuliko vyote, nilichokifanya kwa akili zangu timamu na koo langu mwenyewe, walitaka nikiite bahati mbaya.

“Nilijua,” nikasema tena, nikatoka.

Nyumbani mama alikuwa anapika makande. Habari ilikuwa imeshafika kabla yangu.

“Si ungesema tu? Neno moja.”

“Wewe ulisema?”

“Tulisema wote. Tulidhani, tukatambua, tukaondoka.” Alikuwa anakoroga sufuria lisilohitaji kukorogwa. “Mimi ni mwenyekiti, ningesema nini?”

Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa mzee na mchungaji wakiwekwa pamoja, na nilikula makande yale, yeye upande wake na mimi upande wangu, baba katikati akiulizia chumvi.

Kwaya ilikwenda Arusha bila mimi. Kanda ilitoka, nikainunua kama watu wengine, na ninayo mpaka leo. Waliyempa ile mistari miwili ya mwanzo aliimba kwa woga, na sauti ya pili imepwaya toka mwanzo wa kanda hadi mwisho. Nasema hivyo bila haya. Sikuwahi kusimama mbele ya usharika. Mchungaji yule alihamishwa, akaja mwingine, akaja mwingine tena, lami ikaja, na mwisho kanisa letu lenyewe likanunua ngoma, gitaa la solo, gitaa la besi na maspika makubwa kuliko ya watu wa sabuni. Siku hizi vijana wa kwaya wanaruka madhabahuni mpaka mishumaa inacheza, na wazee wanapiga makofi. Hakuna aliyekuja kwangu kusema lolote. Nami sikungoja.

Lakini kuna ile Jumapili ya kwanza ya kutengwa kwangu, ambayo sijawasimulia hata wenzangu wawili wa chai.

Kanisani kwetu kulikuwa na benchi la nyuma kabisa, ukutani karibu na mlango, ambalo halikuandikwa kitu lakini kila mtu alijua ni la nani. Waliotengwa walikaa pale. Siku ile nilikuwa peke yangu. Mchungaji alisoma tangazo langu kwa sauti ya kawaida, baina ya tangazo la mavuno na la ndoa, na vichwa vikageuka. Sikuinamisha macho. Kwaya ikasimama mbele kwa majoho, na nafasi yangu walikuwa wameiziba kwa kusogeleana.

Akina mama wa umoja walikuwa benchi la mbele, upande wa wanawake, kanga zao zinafanana. Nikaona mmoja anainuka. Nilidhani anatoka nje na mtoto. Alikuwa mama. Alishika kitabu chake cha nyimbo na mkoba wake, akaja kwa kile kijia cha katikati, kanisa zima linamtazama, mwendo wake uleule wa kwenda sokoni. Alipofika kwangu alisema, “Sogea,” akakaa.

Yule mzee wa kanisa akatujia haraka, ameinama, uso umejaa fadhaa ya kweli. “Mama mwenyekiti,” akanong'ona, “nafasi yako ni mbele. Tafadhali.”

Mama hakumtazama. Alikuwa anafungua kitabu chake, anatafuta ukurasa.

“Sitoki,” alisema. Na kwa sauti ya chini, ikipanda kidogo pale pale inapopanda, aliimalizia: “Zunguka wewe.”

Nikamgeukia. Kiitikio kile kilikuwa cha wimbo wa tatu. Hakikuwahi kupigwa redioni, na kanda ile haikuwahi kuingia nyumbani kwetu. Mahali pekee ambapo mama angeweza kukipata ni uwanja wa mnada, ndani ya lile vumbi, jenereta ikiwa imezima, binti yake akiimba.

Mzee akasimama kidogo, kisha akazunguka. Kinanda kikaanza. Mama akanisogezea kitabu tushike wote, yeye akachukua sauti ya kwanza, mimi nikachukua ya pili, tukaimba kutoka huko nyuma.